Mbolea ya kuku waliokunywa dawa na mchicha uliogoma kuota

Mama Matuta:

Habari za majukumu wadau. Mimi nalima mboga za majani huku Boko, Dar es Salaam, mwaka wa tisa sasa. Nina matuta 26, mengi ni mchicha, kuna figiri kidogo, na matembele yanatambaa pembezoni. Udongo wetu wa pwani ni mchanga. Ukiumwagilia alfajiri, saa nne umeshasahau kama ulipata maji. Bila mbolea ya kuku hapa hutoi hata fungu moja la kupeleka sokoni.

Miaka yote nilichukua mbolea kwa bibi mmoja aliyefuga kuku wa mayai. Alikuwa anaiacha chini ya banda miezi na miezi, ukija kuichota ni vumbi jeusi, halinuki, unaweza kulishika ukaendelea na chai yako. Mwezi uliopita bibi akauza kuku wote, magoti yamemchosha. Nikahamia kwa kijana jirani yangu anayefuga kuku wa nyama, mabanda mawili, kuku kama 600. Akanipa viroba vinane vya maranda yenye kinyesi, kila kimoja elfu 2, vimetoka bandani siku hiyo hiyo, bado vya moto. Nikamwaga kwenye matuta sita, nikachanganya juu juu kwa mkono, nikasia mbegu, nikafunika makuti kama kawaida yangu.

Mchicha wangu huwa nauona siku ya nne. Safari hii siku ya nne hamna kitu. Siku ya saba nafunua makuti, vipara vitupu. Vimeota vichache kwenye kingo za tuta, katikati hakuna. Na hivyo vilivyotoka majani ni ya njano, mengine karibu meupe. Tuta la saba, lile ambalo mbolea iliishia njiani nikasia hivyo hivyo, limejaa kama nywele za kichanga. Mbegu ni zangu mwenyewe, kutoka mfuko mmoja.

Kinachonisumbua ni hiki. Kuku wa yule kijana walishikwa na mafua. Akawawekea OTC (oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria ya kundi la tetrasaiklini) kwenye maji siku tano, hawakupona, akahamia enrofloksasini, dawa nyingine ya bakteria. Na nimemwona kwa macho yangu, jioni maji ya dawa yaliyobaki kwenye vyombo anayamwaga pale pale kwenye maranda. Mwenzangu wa sokoni kaniambia, "Dawa inayoua vijidudu itaachaje mbegu?" Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Nauliza mawili. Ni kweli dawa za kuku zinazuia mbegu kuota? Na huo mchicha ulioota, je, unanyonya dawa? Maana nauza kwa watu, na wanangu wanakula. Naomba kuwasilisha.

Baba Vifaranga:

Pole dada. Ila mniache na sisi wafugaji tupumue, kila kitu kikiharibika ni kuku wa nyama! Mbolea ya broila mbichi ni moto, hata magugu inayaunguza. Mimi niliimwaga kwenye shina la mpapai nikiwa mgeni wa kazi hii, mpapai ukavua majani yote kwa wiki moja, na kuku wale hawakuwa wameonja hata panadoli. Iache ikae.

Halafu kwa anayeogopa kula dawa, mchicha ndiyo mwisho wa foleni. Aanze na kuku anayechinjwa Jumamosi wakati dozi imeisha Alhamisi. Siku za kusubiri zimeandikwa kwenye pakiti, nani anazisoma?

Udongo Tu:

Mama Matuta, nimefanya kazi maabara ya udongo hadi nikastaafu, kwa hiyo utanisamehe nikirefusha.

Kwanza pua. Ulipofungua vile viroba macho yaliwasha? Kama yaliwasha, mshukiwa wa kwanza unaye. Kinyesi cha kuku kikipata unyevu na joto kinatoa amonia, na wewe ukaifunika kwa makuti usiku kucha. Ongeza chumvi iliyomo kwenye kinyesi kibichi, ongeza mchanga usioweza kuzishika hizo chumvi, halafu weka mbegu ya mchicha ambayo ni ndogo kama punje ya mchanga wenyewe, akiba yake tumboni ni kidogo mno. Inakufa kabla haijatoa mguu. Umesema pembezoni imeota na katikati hapana. Pembezoni hewa inapita na mbolea ni chache. Hiyo ni alama ya amonia na chumvi.

Sasa usidhani namtetea jirani yako. Dawa nayo ina mambo yake, ila haipigi pale mwenzako wa sokoni anapodhani. Mbegu inapoota hutumia chakula chake yenyewe, kwa hiyo dawa mara nyingi haiizuii kupasuka. Inaukamata mzizi. Mwaka 2011 watafiti wa Kanada walichapisha jaribio la dawa kumi kwa mbegu za letusi, karoti na alfalfa, wakifika hadi miligramu 10 kwa lita ya maji. Kuota hakukutikisika. Mizizi na mashina ndivyo vilivyofupika, karoti ikaumia kuliko wenzake, na klorotetrasaiklini, ndugu wa damu wa hiyo OTC, ilikuwa kwenye kundi la dawa kali zaidi. Kwa hiyo mtu anayehesabu mbegu zilizoota tu atasema dawa haina neno. Ang'oe, apime mizizi.

Utauliza dawa ya bakteria inautafuta nini mmea. Ndani ya jani mna vile vichembe vya kijani vinavyopika chakula kwa mwanga wa jua. Asili yake ni bakteria walioingia kwenye chembe hai zama za kale wakahamia moja kwa moja, na mpaka leo mitambo yao ya kutengeneza protini inafanana na ya bakteria. Tetrasaiklini inapoingia haiulizi wewe ni bakteria wa mafua au wa jani. Ndiyo maana mche ulioathirika hupauka. Ila hapa kwako sikimbilii kusema ni dawa, kwa sababu maranda ya mbao nayo, yakioza, yanaunyima mmea naitrojeni na majani yanakuwa ya njano vile vile. Washukiwa wawili, alama moja.

Tupige hesabu kidogo. Tuchukulie mbolea ina miligramu 10 za OTC kwa kilo, na kinyesi cha kuku walio kwenye dozi kinaweza kufika huko. Ukiweka kilo 2 kwa mita moja ya mraba umeweka miligramu 20. Ukichanganya kwa jembe hadi sentimita 15, udongo wa eneo hilo ni karibu kilo 200. Inabaki sehemu moja ya kumi ya miligramu kwa kilo. Ni kidogo sana kwa mbegu. Wajerumani walipima shamba lililozoea kumwagiwa samadi ya maji ya nguruwe, wakachapisha mwaka 2002, wakakuta tetrasaiklini karibu maikrogramu 200 kwa kilo, yaani sehemu mbili za kumi za miligramu, tuko humo humo. Lakini hesabu hii ni ya mtu aliyelima. Wewe ulichanganya "juu juu kwa mkono", mbegu ikalala kwenye mbolea yenyewe, na mbolea hiyo ilikuwa imeongezewa maji ya dawa. Hapo hesabu yangu haikulindi.

La udongo pia. Tetrasaiklini inapenda kung'ang'ania kalisiamu na mfinyanzi. Ndiyo maana zahanati wanakukataza kuimeza na maziwa, inashikana nayo tumboni na haiingii mwilini. Kwenye udongo wa mfinyanzi inashikwa hivyo hivyo, mzizi hauipati kirahisi. Mchanga wako hauna mikono ya kuishikia. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, maharage yaliyowekewa dawa za kundi hili yalidumaa kwenye udongo wa kichanga, na kwenye udongo wa mfinyanzi yakaendelea kama hayajaona kitu.

Swali lako la pili. Ndiyo, mimea inanyonya. Minnesota, Marekani, mwaka 2005, walipanda mahindi, vitunguu vya majani na kabichi kwenye udongo wenye samadi iliyotiwa dawa. Yote mitatu ilinyonya klorotetrasaiklini, lakini tailosini, dawa nyingine ya mifugo, haikuonekana ndani ya mmea, molekuli yake ni kubwa. Kiasi kilikuwa maikrogramu 2 hadi 17 kwa kilo ya mmea mbichi. Kapsuli moja ya tetrasaiklini ya hospitali ina miligramu 250. Ili mwanao ameze kapsuli moja kwa njia hiyo, hata ukichukua ile 17, itabidi ale tani 14 na zaidi. Mimi sihofu mchicha kumlevya mtu dawa. Nahofu bakteria waliokwisha kuzoea dawa bandani, wakapanda kiroba, wakashuka kwenye tuta, wakaruka na matone ya maji hadi kwenye jani. Mchicha unapikwa, wanakufa. Kama kuna tuta la kachumbari, mbolea mbichi usiliguse nayo kabisa.

Usiniamini mimi, jaribu. Chukua vikopo vitano vya siagi, toboa chini, mchanga wako huo huo, mbegu 50 kila kimoja. Cha kwanza mchanga mtupu. Cha pili konzi moja ya mbolea mbichi ya kijana kwa konzi tano za mchanga. Cha tatu vivyo hivyo, ila mbolea mbichi ya kuku wa kienyeji wasiojua dawa. Cha nne mbolea ya kijana wa dawa iliyokaa nje angalau miezi miwili. Cha tano mchanga mtupu, lakini ukimwagilie maji ya dawa yaliyobaki bandani. Siku ya tisa hesabu, kisha ng'oa kumi kumi, osha, weka kwenye rula ya mwanafunzi. Maji ya dawa yakibaki yamwage chooni, si bustanini.

Maharage Lushoto:

Samahani naingilia. Huku kwetu tunapandia maharage mbolea ya kuku na mwaka huu nikiyang'oa mizizi haina vile vinundu vya pinki ndani. Inaweza kuwa dawa? Jirani anawapa kuku dawa za salfa kila wakihara damu.

Udongo Tu:

Inawezekana, kwa sababu vinundu vile ni makazi ya bakteria. Ila kabla ya kumkamata kuku, jua kwamba maharage yakishibishwa naitrojeni hayasumbuki kutengeneza vinundu, na mbolea ya kuku ina naitrojeni tele. Salfa naiogopa kwa sababu nyingine. Haishikwi sana na udongo, inatembea na maji. Na kuiozesha mbolea hakuisaidii sana. Mwaka 2008, Minnesota tena, waliozesha mbolea ya bata mzinga. Klorotetrasaiklini ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99 ndani ya siku kumi. Tailosini na monensini, nayo dawa ya mifugo, zilipungua kwa asilimia 54 hadi 76. Salfamethazini, ambayo ni mojawapo ya hizo salfa, haikupungua hata kidogo. Nikisikia mtu anasema "iache ikae tu, dawa itaisha", nauliza dawa gani.

Baba Vifaranga:

Mzee umenikumbusha kitu. Tunaambiwa tuchanganye dawa asubuhi, kuku wamalize mchana, tuwape maji safi. Wengi tunachanganya lita 20 kwa kuku wanaokunywa 12. Zile nane zinakwenda wapi? Kwenye maranda. Nimeona aibu kidogo.

Mama Matuta:

Shikamoo mzee Udongo, na asanteni wote. Macho yaliwasha, tena machozi, nikadhani ni vumbi. Leo ndiyo siku ya tisa, nimemaliza kuhesabu, mtoto wa darasa la sita ndiye aliyekuwa mwandishi wangu.

Mchanga mtupu, kati ya 50 zimeota 44. Mbolea mbichi ya kijana, 9. Mbolea mbichi ya kuku wa kienyeji, nilipewa na shangazi Bunju, hawajawahi kuona sindano wale, 12. Hapo nikakaa chini. Nilikuwa na uhakika hao wa kienyeji wataota wote. Mbolea ya kijana iliyokaa nyuma ya banda tangu kundi lililopita, na kundi hilo nalo lilikunywa OTC, 41. Ya maji ya dawa, nikasema hii lazima imekufa yote. Zimeota 42!

Basi nikataka kuja hapa kuandika "dawa haina shida, kesi imefungwa". Mtoto akanikumbusha, mama bado rula. Tukang'oa. Mchanga mtupu, mzizi wastani sentimita 3 na nusu, mweupe, mwembamba, una vinywele. Iliyokaa, sentimita 3. Ya maji ya dawa mzee wangu, sentimita moja na kidogo, mfupi, mnene kuliko mwenzake, kichwani umekuwa kama kijiti cha kiberiti, vinywele hamna. Majani yake mawili yamepauka kama karatasi ya daftari. Imeota, lakini imeota kwenda wapi? Ikipata jua la saa saba la huku haitamaliza wiki.

Wale tisa na wale kumi na wawili wa mbolea mbichi mizizi yao ilikuwa na ncha za kahawia, zimeungua, iwe kwa kijana au kwa shangazi. Haifanani na ile ya dawa hata kidogo. Ningekuwa sijaziweka pamoja juu ya sinia nisingejua.

Swali moja limebaki. Ile sentimita 3 dhidi ya 3 na nusu, ni dawa iliyobaki?

Udongo Tu:

Marahaba mama. Kazi safi, mpe mwandishi wako soda.

Nusu sentimita kwa miche kumi siwezi kuisimamia. Rudia ukipata nafasi, vikopo vitatu vya kila aina badala ya kimoja, na utafute mbolea iliyokaa ya kuku wasio na dawa uweke pembeni yake, maana hiyo ndiyo haki yake ya kulinganishwa nayo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba matuta yako sita yaliuawa na ubichi. Kikopo cha tano kinasema kitu tofauti, maji ya dawa yakifika kwenye mzizi yanaudumaza, na kiasi kile ni kikali kuliko utakachokikuta kwenye tuta lolote lililochanganywa vizuri. Lakini mahali alipomwaga jirani yako, kwenye kona moja ya banda kila jioni, maranda ya kona hiyo ni kikopo cha tano.

Hayo matuta sita usiyachimbe leo. Ondoa makuti, mwagilia maji mengi siku tatu nne mfululizo chumvi ishuke, mchanga una faida hapo, subiri wiki mbili, kisha sia kipande kidogo cha kujaribu. Mbolea inayokuja irundike, iloweshe iwe na unyevu, ila ukiikamua isitoe tone, funika turubai, igeuze kila wiki. Enrofloksasini ni ngumu, inaganda kwenye udongo na haiozi upesi, kwa hiyo viroba vya wiki ya enrofloksasini au salfa vipeleke kwenye minazi na migomba, si kwenye mboga.

Maharage Lushoto:

Mimi naanza vikopo kesho. Kwa maharage mbegu 50 ni nyingi, 10 zinatosha?

Udongo Tu:

Zinatosha ukiwa na vikopo vitatu vitatu. Na usipime vinundu kabla ya wiki ya nne.

Mama Matuta:

Nimemaliza mazungumzo na yule kijana. Nilimpelekea sinia lenye miche, sikumwambia mengi, akaitazama ile ya maji ya dawa akasema "hii imepatwa na nini?" Nikamwambia hii ni maji yako ya jioni. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Amechimba shimo nyuma ya banda, mbali na kisima, maji ya dawa yanaingia huko, na amesema atakuwa anachanganya kidogo kidogo kama alivyosema Baba Vifaranga. Viroba vya wiki za dawa atavifunga uzi mwekundu mdomoni.

Vyenye uzi ananipa bure, nimeshapeleka vitatu kwenye minazi. Visivyo na uzi amepandisha hadi elfu 3, anasema sasa ni mbolea ya kitaalamu.